Sifa Kwenye Breki

Sisi Wabajuni, watu wa visiwani, hatukuzaliwa na breki. Chombo ukitaka kisimame unashusha tanga, unakigeuza, unatupa nanga, na kama bado kinakwenda unakiachia mchanga ukimalize wenyewe. Breki tulizikuta Kismayo, na huko mjini waliziita freni, neno walilotuachia Wataliani. Baba yangu, fundi wa vyombo kutoka kisiwa cha Chula, aliita breki "nanga ya gari", na ukimcheka alikujia juu: "Haya, niambie wewe, mchu wa mjini, inaitwaje?" Hiyo "mchu" yake iliwachekesha majirani. Sisi wanawe tulisema "mtu" barabarani na "mchu" nyumbani, na tukajiona wajanja.

Kigari changu kilikuwa cha Kitaliani, cheupe, kikuukuu, milango miwili. Asubuhi kilibeba samaki kutoka bandarini, mchana kilimpeleka mke wangu kwa mamake. Kilinuka samaki hata ukikiosha kwa sabuni mara tatu. Lakini Ijumaa baada ya swala kiligeuka kitu kingine. Nje ya mji palikuwa na kiwanda kilichofungwa, na lami ilikizunguka pande zote. Tuliokuwa na magari tulikutana pale kushindana, raundi kumi, watazamaji wamepanda ukutani wanapiga miluzi. Na usidhani yalikuwa mashindano ya mwendo. Kila mpumbavu anaweza kukanyaga mafuta. Palikuwa na kona moja karibu na tangi la maji, kali kweli, na aliyechelewa kukanyaga breki kuliko wenzake na bado akaikata bila kuubusu ukuta, huyo ndiye aliyeimbwa mjini wiki nzima. Mimi, bila kujisifu, au tuseme nikijisifu, ndiye niliyekuwa wa mwisho kukanyaga.

Aliyenifunza kulitunza gari lile lisiniue alikuwa fundi mmoja wa gereji, mzee mkali, sigara haimtoki mdomoni. Siku ya kwanza nilipompelekea gari baada ya mchezo aliinama akachungulia gurudumu la mbele, akanitazama kama niliyemtukana mamake. "Hizi ungezitumia miezi minane," akasema. "Umezimaliza alasiri moja." Akanionyesha vile vibao viwili vinavyoibana sahani ya chuma ili gurudumu lisimame. Vilikuwa vimebaki vyembamba, na kingo zimeungua zikawa nyeusi.

Basi akanipa masharti, na mwanzoni niliyashika kama sala. Kabla ya mchezo, chungulia vibao. Vikiwa vyembamba kuliko shilingi, kaa nyumbani. Badilisha mafuta ya breki mara kwa mara, maana mafuta yale hunywa maji ya hewani, na hewa ya pwani yote ni maji. Yakipata moto yanachemka, na pedali inakuwa laini chini ya mguu. Ukimaliza mchezo, zunguka raundi moja polepole bila kugusa breki, zipoe. Usivute breki ya mkono zikiwa moto. Ukifika nyumbani, mwagia magurudumu maji baridi ya kisimani, lakini subiri kwanza chuma kipoe. Na pedali ikikwambia kitu, isikilize. "Ikiwa ngumu na gari halishiki, kuna uchafu au grisi kwenye vibao," alisema. "Ikizama mpaka chini, mafuta yamekwisha, na wewe pia umekwisha." Niliyakariri maneno yale. Laiti ningeyasahau, ningekuwa na udhuru leo.

Kisha vita vikaja. Redio ilisema Mogadishu kumewaka, halafu waliotimuliwa huko wakaanza kuingia kwetu na bunduki zao. Maduka ya vipuri yalifungwa, mengine yakavunjwa. Fundi wangu akapotea na familia yake. Vibao vilivyokuwa kwenye gari ndivyo vya mwisho nilivyokuwa navyo, na vilikuwa vimeshaanza kulia, ule mlio mkali wa chuma kinachokaribia chuma. Mke wangu, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, akaniuliza, "Mbona gari linapiga kelele?" Nikamwambia ni vumbi.

Na Ijumaa ile, jamani, nikaenda. Tulikuwa wanne tu, wengine wameshakimbia. Ukutani hapakuwa na mtazamaji hata mmoja. Nilikwenda kwa sababu mmoja wao alikuwa ametangaza kwamba mimi nimeogopa. Nilizunguka raundi zote kumi, nikawa wa mwisho kukanyaga, nikashinda, na nilipokuwa narudi mlio ulikuwa umekoma na badala yake kulikuwa na mkwaruzo mzito. Niliujua ni nini. Nilifungulia kaseti kwa sauti.

Siku tatu baadaye wenye bunduki waliingia mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, wakiwatafuta Wabajuni, maana sisi hatukuwa na ukoo wa kutulipia kisasi. Bandari ilikuwa mikononi mwao, kwa hiyo kwa chombo kutoka pale hakuna njia. Ami yangu alituma habari kwamba atatungoja kwa mashua ufukweni, kusini, mkabala na visiwa, na kutoka hapo twende Kenya. Ilibaki kufika kwake. Tungekwenda kwa kigari changu, mimi, mke wangu na tumbo lake, na baba, kwa njia ya changarawe inayopanda na kushuka vilima vya mchanga. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila mtu Kismayo alijua kanuni ya vizuizi: ukisimama watakupora, usiposimama watakupiga risasi. Basi kazi yangu yote siku ile ilikuwa moja, kusimama.

Asubuhi ya safari nilimkuta baba amechuchumaa kando ya gurudumu, mkononi ana kitambaa na kopo. Nilidhani anafuta vumbi. Nilikuwa nafunga godoro juu ya gari, akili imetawanyika, sikumuuliza.

Vizuizi viwili vya mwanzo vilikuwa kwenye tambarare. Nilipunguza gia mapema nikajikokota mpaka nikasimama, wakachukua saa yangu, wakachukua redio, wakatuachia. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma anasoma Yasini kwa kunong'ona. Nikaanza kuamini tutafika.

Cha tatu kilikuwa chini ya mteremko. Tulipofika juu ya kilima nikakiona, miti ya miiba imelazwa njiani, watu watano sita, bunduki mabegani. Wametuona. Nikakanyaga breki. Mara ya kwanza gari lilipunguza kidogo, na harufu ikatoka, harufu ya mafuta ya papa yanayoungua, sifa ile ile wanayopaka vyombo vyetu ili mbao zisioze. Nikakanyaga tena. Pedali ikazama mpaka chini. Nikapiga-piga kwa mguu, hakuna kitu, nakanyaga hewa.

"Wanatulenga!" mke wangu akapiga kelele.

Nikalazimisha gia ya pili, injini ikalia, nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zote, mkia wa gari ukateleza, na nilipoona tutawavamia nikakata usukani kulia nikalitupa gari kwenye mchanga. Lilizama mpaka vyuma vya chini, likasimama hatua chache kutoka kwenye miiba. Nilimfikiria mwanangu tumboni. Nikageuka, nikamwona mke wangu ameshika tumbo kwa mikono miwili, mzima.

Aliyetoka kwanza ni baba. Alitoka mikono juu, mzee wa watu, kofia imeanguka, akawasemesha Kisomali: "Msimpige kijana! Kosa si lake, kosa ni langu! Nimezipaka breki mafuta!"

Wakaduwaa. Mmoja akaja, akanusa gurudumu linalofuka moshi, akauliza mafuta gani. Baba akaeleza yote. Alikuwa ameona vile vyuma vya mviringo ndani ya gurudumu vimeshika kutu, na kwa kuwa safari ni ya pembeni mwa bahari, akavipaka sifa kwa kitambaa, pande zote alizozifikia, kama ambavyo angekipaka chombo chake kabla ya safari ndefu. Alitaka vitufikishe. Wale watu wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Bunduki zikashuka. Wallahi, kicheko kile ndicho kilichotuokoa, na aliyekichuma ni baba, kwa aibu yake.

Mimi sikucheka. Nilimrukia kwa maneno mbele yao wote. "Baba, umetaka kutuua? Breki zinapakwa mafuta? Ebo! Wewe unadhani kila kitu ni mashua?" Sijawahi kumpazia baba sauti namna ile, wala kabla wala baada. Akainamisha kichwa. "Sikujua, mwanangu," akasema. "Sikujua."

Walitaka magurudumu. Wakaniamuru niyafungue, na baba akaja kusimama nyuma yangu, hajui pa kuweka mikono yake. Nikafungua la mbele kushoto. Vibao vilikuwa havipo. Kilichobaki ni chuma kitupu kilichoilima sahani mifereji, na ile pistoni ya kuvisukuma ilikuwa imejitokeza yote mpaka imechomoka mahali pake, na mafuta ya breki yamemwagika yanadondoka mchangani. Ile sifa ilikuwa imeungua na kukauka pembeni, alama ya kahawia tu. Ingalifanya gari lisishike vizuri kwa muda, basi. Haikuzamisha pedali. Kilichozamisha pedali ni raundi kumi za Ijumaa, na hilo nilikuwa nimeshalijua kabla ya kushuka garini, tangu mguu wangu ulipogonga sakafu. Nilimpigia kelele baba nikiwa najua.

Nyuma yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Ni sifa yangu iliyofanya hivi?"

Ningeweza kumwambia. Pale kwenye gurudumu palikuwa na mimi na yeye tu. Wale wengine walikuwa wanagombania magurudumu. Sifa iliyotumaliza ilikuwa yangu, ile ya kuimbwa mjini, si ya kopo lake. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Tukatembea kwa miguu nusu ya siku. Baba alimshika mke wangu mkono njia nzima, na kila alipochoka alimtandikia kanzu yake akae. Ami alikuwa anangoja. Siku ya nne tuliingia Kenya, na mtoto akazaliwa kambini nje ya Mombasa, msichana, mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Alhamdulillahi.

Kambini maisha ni kungoja, na watu wanaongoja wanapenda hadithi. Hadithi yetu ikawa maarufu, na msimulizi wake nikawa mimi. Kila akija mgeni kutoka visiwani, Chovai au Fuma, wananiambia, "Hebu msimulie ya mzee na breki." Namwigiza baba na kopo lake, namwigiza yule mwenye bunduki akinusa gurudumu, watu wanavunjika mbavu. Baba mwenyewe huwa yupo pale, anatabasamu, anatengeneza wavu. Wakamwita Fundi Breki. Siku moja, wageni walipoondoka, mke wangu akaniuliza, "Lakini zile breki si zilikuwa zikilia tangu zamani?" Nikamwambia hajui magari, anyamaze. Akanitazama kidogo, akanyamaza kweli, na tangu siku ile hakucheka tena ninapoisimulia.

Miaka ilipita. Tulihama kambi tukapanga chumba Mombasa, nikapata kazi ya udereva wa lori, na kila asubuhi kabla ya kuondoka nachungulia magurudumu yote, moja moja, mpaka wenzangu wananidhihaki. Baba akaanza kuugua kifua. Daktari alitwambia tumpeleke nyumbani.

Alasiri moja aliniita. Mke wangu alikuwa mlangoni na binti yetu, ambaye wakati huo alishaanza kwenda chuoni kusoma Kurani. Baba alikuwa ameegemezwa mito, pumzi inakuja kwa tabu. Nikakaa kitandani, nikamshika miguu, nikamwambia, "Baba, nipe radhi zako." Ndivyo inavyotakiwa, mtoto ndiye anayeomba, mzazi ndiye anayetoa.

Akatikisa kichwa. "Zangu unazo," akasema. "Leo naomba mimi. Nilikaribia kukuulia mke na mtoto kwa ujinga wangu. Sijalala vizuri tangu siku ile. Niwie radhi, mwanangu."

Sijapata kusikia mzee akimwomba radhi mwanawe. Mdomo wangu ulikuwa wazi, maneno yote yalikuwa tayari, machache tu, hata mtoto angeweza kuyasema. Nilimwona mke wangu pale mlangoni ananiangalia, anangoja.

"Nimekuwia radhi, baba," nikasema.

Akaubusu mkono wangu, akasema ahsante.