Baridi ya Bosi

Kwenye ukanda wetu wa dhahabu, cheo cha mtu hujulikana kwa baridi. Ukiingia ofisini kwa mkubwa ukatoka bila kujikunyata, basi huyo si mkubwa, ni mwenzako tu aliyepewa kiti kizuri.

Nilikuwa katibu muhtasi wa kampuni moja mjini Geita, tukiuza pampu na mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ofisi ya zamani ilikuwa ya bati, na kiyoyozi kimoja tu, kwa bosi. Nami nilishafika umri ule ambao joto humpanda mwanamke kutoka ndani bila hodi. Nilichapa barua jasho likidondokea kibodi. Nilishamwambia mume wangu kwamba mwaka huo naacha kazi.

Ndipo tukahamia jengo jipya. Mafundi kutoka Mwanza walitufungia dari ya ajabu: ndani yake yanapita mabomba membamba ya maji baridi, na taa na matundu ya hewa safi vimo humohumo. Hakuna mngurumo, hakuna upepo wa kukupiga kisogoni, na inakula umeme kidogo. Ubaridi ulitushukia taratibu sote, bosi na mfagiaji. Wiki ya kwanza nililia chooni kwa furaha, na chooni nako kulikuwa na ubaridi.

Aliyenuna ni bosi. Baridi inayogawiwa sawa kama ugali wa msibani ingemfaa nini? Siku moja akaja mzee mmoja wa Kharumwa, mwenye mashimo ya dhahabu, mteja wetu mkubwa. Alisubiri kwangu, kisha akaingia kwa bosi, akatazama juu.

"Mkubwa, AC yako imeharibika?"

"Hapana, mzee wangu. Iko humo darini."

"Mbona kwako na kwa huyu mama ni sawasawa tu?"

Maskini, hakuwa na nia mbaya. Kesho yake bosi akaleta fundi na kiyoyozi kipana kama meza ya chakula. Kuta za ofisi yake zilikuwa vioo vitupu, kwa hiyo ilibidi kining'inizwe darini. Nikamkumbusha kwamba wale wa Mwanza walituonya sote tusitoboe.

"Mama, kazi yako ni kuchapa," akasema.

Fundi akatoboa. Maji yakaloanisha suti, viatu na zulia la bosi. Nilicheka, sikatai, nilicheka mpaka nikashika meza. Kicheko kikaniishia pale mfumo wa jengo zima ulipozimwa, na bosi akatangaza kikaoni kwamba dari za namna ile hazifai kwa mazingira ya Kiafrika. Mafundi hawakuitwa tena.

Kiyoyozi chake kikafungwa palepale kwenye tundu. Asubuhi moja nilimpelekea chai, joto langu limenipanda hadi masikioni. Nikasimama kidogo chini ya ule upepo, nikafumba macho.

"Mama, toka ufunge mlango," akasema. "Unanipotezea baridi."

Nikafunga. Barua ya kuacha kazi niliichapa mchana huohuo.