Lori, Kengele na Nyota Zilizogongana

Bisha ukitaka: mimi niliyeacha shule kidato cha pili nimemfundisha fizikia msomi wa chuo kikuu, ndani ya basi la Kilburn, huku ughaibuni.

Msomi huyo, binti, alikuwa anawahi usaili wa nafasi ya masomo ya juu, akijizoeza kujieleza kwa mama yake aliyeketi kando. Akanyoosha mikono kama herufi L. "Mama, nyota nzito zikigongana huko mbali, anga lenyewe linatikisika. Mkono mmoja wa mtambo wetu wa kupimia mtikisiko huo unarefuka, mwingine unafupika, kidogo mno. Tunapima kwa mwanga unaokwenda na kurudi."

"Na lori likipita karibu na kuutikisa mtambo, mtajuaje?" akaulizwa.

Nikadakia: "Katika nyumba ya kulea wazee, kengele ya chumba kimoja ikilia, labda mzee kaigusa kwa kiwiko. Zikilia za vyumba viwili vilivyo mbali, kwa pamoja, kuna jambo. Ndiyo maana mitambo ikajengwa miwili, kila mmoja mbali na mwenzake!"

"Hilo ndilo jibu!" Binti akapiga makofi, basi zima likacheka.

Haya, nakiri. Swali la lori lilikuwa langu, la kumchokoza. Jibu lilikuwa la mama yake, anayelea wazee, na kengele ni za kazini kwake. Nilichosema mimi baada ya jibu hilo, kwa aibu, ni, "Samahani, nashuka hapa," na wala hakikuwa kituo changu.