Debe la Majirani

Kasimiri alikuwa mrina asali wa kijiji kimoja karibu na Usinge, na kwa miaka ishirini na mbili debe lake la kwanza la msimu halikuwa lake. Josepha, mkewe, aliichanganya asali ile na maji, akaifunika, na baada ya siku chache ikawa wanzuki, pombe ya asali. Majirani waliomsaidia kupandisha mizinga mitini walikuja kuinywa uani pake pamoja na wake zao. Hakuna aliyelipwa, wala hakuna aliyedai malipo. Ungemuuliza siku hizo kama ana furaha angekushangaa, maana alikuwa na mizinga sitini na mgongo mbovu.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, bwana wa ushirika alikuja na mizani na bei mara mbili ya ile ya zamani. Kasimiri akapimisha madebe yote tisa.

"Baba Tobias, na lile la majirani?" Josepha aliuliza.

"Majirani watakunywa mwakani. Bei hii unadhani itarudi?"

Alinunua redio, kitanda cha chuma na doti mbili za kanga. Siku ya kwanza alifurahi, tusimnyime haki yake. Siku ya tatu ilibidi ajikumbushe kufurahi. Kufikia Kwaresima redio ilikuwa redio tu na kitanda kitanda tu, naye alikuwa Kasimiri yuleyule. Majirani walikuja mara moja kusikiliza, wakasimama kidogo, wakaona hakuna kibuyu, wakaaga kwa adabu. Hawakununa, na heri wangenuna, angejua pa kuanzia. Alipotaka kupandisha mizinga mipya, walimuuliza kwa heshima atatoa shilingi ngapi kwa kila mzinga. Akatoa.

Jioni alikaa uani na redio ikiimba. Alijipekua moyoni atafute huzuni, hakuikuta. Hakukuta chochote. Alichotaka sasa ni kitu kimoja tu, watu wale wakae tena pale uani.

Msimu ulikuwa mbali na ndani hamkuwa na asali hata ya kulamba. Akapanda treni hadi Tabora. Sokoni, mfanyabiashara mmoja aitwaye Yahaya alimfungulia debe.

"Asali ya Usinge hii, mzee wangu. Huwezi kupata safi kama hii."

"Najua," Kasimiri akasema, akalinunua kwa bei karibu mara mbili ya ile aliyouzia.

Josepha akatengeneza wanzuki. Jumapili baada ya misa watu walikuja, wote, na wake zao. Walikaa palepale walipokuwa wakikaa zamani. Kasimiri alimpelekea kibuyu cha kwanza mzee Raymundi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba Tobias. Nasikia hii umeinunua Tabora?"

"Ndiyo, mzee."

"Ghali?"

Kasimiri akaitaja bei. Alidhani ndiyo itakayowaonyesha jinsi alivyowataka. Raymundi alitikisa kichwa kwa huruma, akanywa, akasifu. Alipomaliza aliweka shilingi mbili kwenye kigoda, kando ya kibuyu kitupu.

"Tusikutie hasara, mwanangu. Wewe mwenyewe ulitulipa vizuri kwa ile mizinga."

Wengine wakafuata, kila mtu alivyojaliwa, kwa moyo mweupe kabisa. Kisha wakaaga mapema, kama watu wanavyotoka kilabuni hela zikiisha.

Josepha alikusanya vibuyu, akakusanya na sarafu, akazihesabu kwenye ungo.

"Zimezidi bei ya Yahaya kwa shilingi nne," alisema. "Niziweke wapi?"

Kasimiri alizima redio. Alisubiri maumivu yaje, akasubiri sana, hayakuja. Aliona tu kwamba amepata faida, na ua ulikuwa mtupu.