Shangazi Habebwi

Siku nzima ilinigharimu shilingi elfu thelathini na moja na mia tano. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilihesabu nikitumaini nimekosea. Katika hizo, elfu kumi ni pesa niliyombembeleza mtu aipokee, naye hakuitaka. Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Nimepatana bei na watu wa kila namna hapa Mwanza, na bei nikiigusa huwa inakwenda njia moja tu, chini. Siku ile ya Idi niliipandisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Chanzo ni shangazi, dada yake marehemu baba. Aliuza vitenge Mabatini miaka ishirini na minane, na ndiye aliyenifundisha kwamba muuzaji akianza kuapa, wewe piga hatua kuelekea mlangoni. Tangu sukari ilipomchukulia mguu wa kushoto, mwaka juzi, anakaa kwangu Mkolani. Ana kiti cha magurudumu, ila hilo jina halitaki. Anakiita baiskeli. "Nileteeni baiskeli yangu." Nyumba nzima tumezoea, hata mimi nikisema "kiti" naona kama nasema uongo.

Ndani ya nyumba hana shida na mtu. Kutoka kitandani kwenda kwenye baiskeli anapita juu ya ubao wa mninga aliomtolea fundi vipimo mwenyewe: makalio kwanza, mguu baadaye. Ukisogea kumsaidia unapigwa na chochote kilicho karibu.

Shida ilianzia harusini kwa ndugu yetu mmoja. Ukumbi ulikuwa juu, ngazi kumi na nne. Nilizihesabu tukipanda na tukishuka. Vijana wanne wakamwinua na kiti chake wakampandisha, wanawake wakapiga vigelegele, na wote walifanya kwa mapenzi. Aliporudi nyumbani alikaa na mtandio wake bado kichwani. Kisha akaniambia, "Baba, leo nimebebwa juujuu na wanaume wanne wakipokezana. Nimebakiza kusaliwa tu. Mara nyingine ya kubebwa iwe ile ambayo sitasikia."

Kuanzia hapo, miezi saba, akawa hatoki ila kwenda kliniki. Mashoga zake wa Mabatini wakimwalika anawaambia tairi ina pancha. Tairi za baiskeli ile ni mpira mtupu, hazina upepo.

Basi wiki ya mwisho ya mfungo, anakata vitunguu, redio ikatangaza kwamba kwenye bustani moja ya michezo pale ufukweni wameleta treni ndogo, inazunguka kandokando ya ziwa. Kisu kikasimama.

"Hiyo treni inapakia mizigo?"

"Shangazi, ni ya watoto."

"Nimepanda treni ya Dar miaka yote ile nikilalia marobota ya vitenge. Sijawahi kupanda treni sina mzigo." Akakata kitunguu kingine. "Nipeleke. Lakini sibebwi. Mtu akinitia mkono kwapani nageuza, na hamtaniona nje tena."

Shangazi ana vitisho vya aina mbili: vya kufungulia mazungumzo, na vya bei ya mwisho. Hiki kilikuwa cha bei ya mwisho. Siku moja kabla ya Idi nikaenda kuikagua bustani peke yangu. Getini hakuna ngazi. Njia ni ya saruji. Chooni ngazi tatu, kwa hiyo soda tungekunywa tukishatoka.

Idi Mosi, baada ya adhuhuri, tukachukua bajaji, baiskeli ikafungwa nyuma kwa mpira. Elfu sita kwenda. Dereva alianza na nane, akaapa, nikapiga hatua.

Getini foleni ilikuwa ndefu. Mlinzi alikuwa mama wa rika langu, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Tulipomfikia, shangazi akasema kwa sauti yake ya sokoni, "Baba, sukuma baiskeli, jua linachoma."

"Baiskeli mwisho hapo," mlinzi akasema, akaonyesha ubao. Kweli uliandikwa: BAISKELI NA PIKIPIKI MWISHO GETINI.

"Dada, hiki ni kiti," nikasema.

Kidole kikashuka mstari wa pili: CHAKULA, VINYWAJI NA VITI KUTOKA NJE HAVIRUHUSIWI. "Viti vipo ndani, vinakodishwa."

Shangazi akamwangalia. "Na makalio ya kutoka nje je? Yanaruhusiwa, au nayo nitakodi humo humo?"

Foleni ikacheka, na mlinzi mwenyewe akajifuta macho. Pale tulikuwa tumeshinda. Ningenyamaza, tungepita. Lakini nikiona bei imebandikwa ukutani, mtu mzima elfu tano, ulimi wangu unawasha. Nikainama nikamnong'oneza, "Dada yangu, msaidie mama wa watu. Hajiwezi."

Uso wa mlinzi ukabadilika. "Pole, mama," akapaza sauti, kama anaongea na kiziwi. "Asiyejiweza halipi. Na wewe unayemsindikiza, nusu. Jamani pisheni, kuna mgonjwa! Vijana wawili wenye nguvu, njooni mumbebe mama!"

Nilikuwa nimeokoa elfu saba na mia tano kwa neno moja. Nikasikia breki za baiskeli. Ya kulia, halafu ya kushoto.

"Umeniuza shilingi ngapi?" shangazi akauliza.

"Shangazi..."

"Nimeuliza bei."

"Elfu saba na mia tano. Wewe tano, mimi mbili na nusu."

Akapiga hesabu kimoyomoyo. "Nimekufundisha tangu unavaa kaptula, na bado unauza kwa hasara." Watu wakacheka tena, ila yeye hakucheka. Wale vijana wawili walishaanza kukunja mikono ya shati. "Geuza. Twende nyumbani."

Nilishika vishikio lakini sikugeuza. Nilijua nikigeuza pale, nitakuwa nimemfungia mlango mpaka mwisho wa maisha yake, tena siku ya Idi, kwa ajili ya elfu saba.

"Nimekosa, shangazi."

"Mimi hukunikosea, mimi najijua. Yule mama wa watu ndiye uliyemdanganya. Kamwambie."

Nikawatawanya wale vijana, nikamrudia mlinzi na noti ya elfu kumi mkononi. "Dada, nimekudanganya. Anajiweza. Naomba ututoze kamili."

Akaniangalia kuanzia viatuni. "Kaka, umetumwa na ofisi?"

"Hapana."

"Mnanitega. Nikipokea, kesho mtasema nimemtoza mlemavu."

"Tutoze, nakuomba."

"Sitaki. Tena na wewe ingia bure."

Nikaomba tena, akaniambia na soda atanipatia. Nilivyozidi kupanda ndivyo alivyozidi kushuka, na sijawahi kushindwa bei kwa aibu namna ile. Ikabidi shangazi ajisukume mwenyewe mpaka mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa unalipwa kwa siku au kwa mwezi?"

"Kwa siku, mama."

"Basi usigawe mali ya watu, watakukata wewe. Mimi sikuja kuomba, nimekuja kupanda treni. Nikatie tiketi ya mtu mzima."

"Na hiyo... baiskeli, mama?"

"Huu ni mguu. Miguu mnailipisha?"

Mlinzi akakata tiketi mbili. Shangazi akaikagua yake mbele na nyuma, akaichomeka kwenye mkanda wa saa, akaachia breki.

Treni, elfu mbili kwa mzunguko, ilikuwa na mabehewa manne yaliyopakwa rangi za pipi, na dereva mnene mwenye miwani ya jua. Benchi la behewa lilikuwa juu ya kiti cha shangazi kwa shubiri moja na nusu. Dereva akapiga makofi. "Haya, wanaume wawili tumpakie mama!"

"Kinachopakiwa ni mzigo," shangazi akasema. "Sogeza treni."

"Mama, treni haisogezwi. Abiria ndio wanasogea."

"Ina reli?"

Dereva akaangalia chini, kama hajawahi kuangalia. "Haina."

"Basi ni gari. Lisogeze pale." Akaonyesha ukingo wa saruji ulioinuka, wenye mteremko wanaopandishia mikokoteni ya soda.

Dereva akanitazama nimnyamazishe. Mimi nikatazama ziwa, ambako korongo watatu walikuwa wamesimama wakitazama mambo yao. Akapanda, akawasha, akaanza: mbele, nyuma, mbele. Watoto wa foleni wakageuka makondakta. "Rudi, rudi, kata kulia, rudiii!" Lilipokaa sawa, na shangazi ameshajisukuma juu ya ukingo, ubao wa benchi na kiti vilikuwa usawa mmoja, pengo la vidole vinne. Nilipima mara mbili.

Nikaambiwa nishike baiskeli na niangalie kwingine. Nikashika, nikaangalia kwingine kwa jicho moja. Akakamata nguzo, makalio kwanza, mguu baadaye, benchi likalia, akawa ndani. Hakuna aliyepiga kigelegele, alhamdulillahi. Mtoto mmoja tu aliuliza mguu mwingine uko wapi.

"Nimeuacha nyumbani unalinda mlango," shangazi akamjibu, na mtoto akaona ni jambo la maana.

Treni ikaondoka, nikabaki nimesimama na baiskeli tupu. Bwana mmoja mwenye watoto wanne akanijia. "Kaka, hii mnakodisha bei gani kwa mzunguko?" Naona haya kuandika kwamba kabla ya kumwambia siyo ya kukodisha, nilimuuliza yeye ana ngapi.

Walipozunguka nikamwona. Upepo ulikuwa umemsukuma mtandio mabegani na hakuurudisha. Alikuwa amekaa upande wa ziwa, mikono yote miwili haijashika kitu. Miaka yote ya treni ya Dar alishuka na uso wa mtu aliyehesabu marobota usiku kucha. Huu uso sikuwa nimewahi kuuona. Treni iliposimama hakushuka. Akanyoosha mkono nje. "Baba, kata nyingine." Nikakata. Elfu mbili nyingine, na sikuomba punguzo.

Tulikula chipsi nje ya geti, na soda zetu mbili. Kwenye bajaji ya kurudi shangazi akaiona feri ikivuka kwenda Kamanga.

"Pale watu wanapandaje?"

"Wanapitia magari yanapopitia. Kuna mteremko."

"Ngazi?"

"Hakuna."

"Basi Jumanne nakwenda Kamanga kwa shoga yangu."

"Sawa, nitafunga duka."

"Nani kakualika? Nakwenda mwenyewe. Wewe una huruma inayonishushia bei."

Ameshapanga kila kitu. Dereva wa bajaji ameshapigiwa, shoga atampokea ng'ambo. Nimeupitia mpango wake mara mbili nikitafuta tundu, nikaliona moja: mteremko wa kushukia kule. Baiskeli ikimzidi nguvu, akiita mtu atashikwa, na pengine atabebwa. Namjua, hataita.

Jumanne ni keshokutwa. Ninyi mnaokaa na watu wazima wenye shingo ngumu, nishaurini. Nimwache aende? Au nipande feri ileile nijibanze nyuma ya lori la ng'ombe? Na akiniona, nimwambie nimefuata nini Kamanga, wakati kule sina mteja hata mmoja, na yeye anajua?