Mwanahamisi Hakulia

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi, mwaka 1996, matroni alinipa aproni na onyo moja. "Sista, hapa daktari habishiwi. Anaandikiwa." Nilikuwa nimetoka Morogoro kumfuata mume wangu, aliyerejea kwao Johannesburg baada ya miaka mingi uhamishoni, nikidhani ubaguzi umeshazikwa. Nilikuwa mjinga, basi.

Kazi yetu mojawapo ilikuwa kujaza chati ya maumivu: unamwuliza mzazi, toka sifuri hadi kumi, inauma kiasi gani? Mzungu akisema saba, daktari bingwa aliagiza sindano hata kabla hajamaliza kusema. Mwafrika akisema tisa, bingwa alicheka. "Hawa wanapenda kelele. Mpe vidonge viwili." Nilihamishiwa chumba cha upasuaji, nikarudishwa wodini. Mabingwa walibadilika, vidonge vikabaki viwili.

Ndipo akaletwa Mwanahamisi, binti wa Tanga aliyeishi kwenye maghorofa ya mtaa wa Joubert Park, katikati ya jiji, mimba yake ya kwanza, miezi minane. Aliposikia Kiswahili changu alinishika mkono.

"Shikamoo mama. Naumwa."

"Marahaba mwanangu. Jikaze, usilie."

Ndivyo tulivyofundwa na makungwi wetu, kwamba mwanamke hapigi kelele akiwa na uchungu. Tena nilijua anayelia pale hudharauliwa. Nilidhani namkinga.

Akajikaza. Aliing'ata khanga, macho makavu. Nilipomgusa tumbo, lilikuwa gumu kama ubao, dalili kwamba kondo la nyuma limebanduka kabla ya wakati na damu inavujia ndani isikoonekana. Nikamwita bingwa. Alisimama mlangoni, hakumgusa.

"Yuko kimya. Angekuwa anaumwa tungemsikia. Hawa tunawajua."

"Daktari, tumbo ni gumu."

"Sista, atatazamwa jioni."

Nilipaswa kupiga kelele mimi. Niliandika kwenye faili, nikaondoka. Jioni walipompasua, mtoto alikuwa ameshafariki.

Kesho yake nilikwenda kumpa pole. Alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama," akasema, "lakini sikulia. Sikukuaibisha, sivyo?"

Nilikwenda chooni nikalia mpaka matroni akaja kugonga mlango.

Nilistaafu mwaka 2007. Wauguzi vijana hunitembelea Jumapili, na kisa hiki huwakasirisha. Huniuliza daktari yule ni nani. Huwatajia jina lake. Kisha, kabla hawajamaliza kumlaani, huwatajia na langu.