Paa la Jipu Lililolala Darini na Nyama

Saa tatu asubuhi. Jua limeshaupata mlima Durmitor, lakini huku chini, kijijini Suvodo, theluji bado inafika kiunoni. Milunka Šaulić, mwenye miaka hamsini na tatu, amesimama nyuma ya nyumba yake mbele ya kilima cheupe. Mkononi ana koleo, na mdomoni ana sigara ambayo hajaiwasha.

Ndani ya kilima hicho kuna gari aina ya jipu. Au tuseme lilikuwemo mwezi wa kumi na moja. Limeipitisha vipi baridi hii, hakuna anayejua.

"Taratibu jamani," anawaambia mumewe Obrad na jirani yao Vuksan, ambao nao wanachimba. "Humo mna gari, si viazi."

Akina mama wawili wa jirani wamekuja na kahawa zao kabisa, wamekaa kwenye ngazi kama watu waliokata tiketi. Na wana haki, maana leo ndiyo inajulikana kama Milunka atabaki dereva au la.

Milunka anaendesha jipu kuukuu la jeshi. Kiangazi anapandisha watembezi wa milimani hadi barabara inapoishia, na akishuka anashuka na jibini la wachungaji. Paa lake si la bati. Ni turubai la kijani lenye madirisha ya plastiki: jua likiwaka unalikunja, mvua ikija unalifunga. Wageni wanalipendea hilo turubai. Safari moja ni euro arobaini, na miezi minne ya kiangazi ndiyo inayoilisha nyumba mwaka mzima.

Shida ni majira ya baridi. Gereji hawana. Banda wanalo, ila lina ng'ombe sita, na Suvodo hajazaliwa mtu wa kumtoa ng'ombe nje ili aingize gari. Obrad hilo habishani nalo hata kidogo.

"Gari halitoi maziwa," anasema, na kwake mazungumzo yameisha.

Kwa hiyo jipu linalala nje, na theluji yote ya Durmitor inalala juu yake.

Mwaka juzi Milunka alifanya kosa ambalo kijiji hakijalimaliza kulicheka mpaka leo. Huku kiatu cha ngozi hakikanyagi theluji kabla hakijapakwa mafuta ya kondoo. Maji yanateleza, ngozi haipasuki. Mama yake alimfundisha hivyo, na bibi yake vilevile. Milunka akaona turubai nalo ni kiatu tu, kikubwa kidogo. Akayeyusha mafuta sufuria nzima, akalipaka paa lote kwa brashi, na kwenye mishono akarudia.

Kweli, maji hayakupenya. Aliyepenya ni mbweha. Ilipofika Februari, njaa imemkolea, akapanda theluji iliyojaa hadi kwenye boneti, akalila paa. Alichobakiza wakamalizia mbwa wa kijiji.

Baada ya hapo watu hawakumsalimia tena kama zamani. Walimuuliza kama mbweha wake ameshiba. Vuksan alitaka kujua madirisha yataandaliwa lini, aje na mkate.

"Sasa hivi nacheka," anasema Milunka. "Wakati ule nilipeleka wageni na miavuli. Ndani ya gari, miavuli! Mjerumani mmoja alipiga picha, akasema hajawahi kufurahi hivyo. Mimi nilikuwa nalia nyuma ya usukani."

Kushona paa jipya kulikula karibu nusu ya kiangazi. Ndipo Septemba akatokea Luka Perazić, mwenye mgahawa kule pwani. Aliliona jipu, akalipenda. Alitaka aliweke mlangoni pa mgahawa wake na kulijaza maua. Obrad akaona hiyo ni riziki imekuja yenyewe kwa miguu. Milunka hakulala vizuri wiki ile. Mwishowe wakakubaliana watu watatu mezani: hili paa la pili nalo likiharibika, jipu linakwenda pwani baada ya sikukuu ya Mtakatifu Đorđe, mwezi wa tano. Likibaki zima, Luka asiulize tena. Wakashikana mikono, wakanywa rakia, pombe yao kali ya matunda.

"Ukishanywa, umesema," anaeleza Milunka. "Hakuna cha kuandikiana."

Safari hii hakupaka kitu. Siku ya mwisho yenye joto mwezi wa kumi alilivua paa, akaliosha kwa maji na sabuni, akalianika mpaka likakauka kabisa, maana turubai likikunjwa na unyevu linaota ukungu. Madirisha hakuyakunja, aliyaviringisha na blanketi, kwa kuwa plastiki ikipatwa na baridi inavunjika kama barafu. Kisha akatafuta mahali pasipo panya. Nyumbani kwao mahali hapo ni darini tu, mapaja ya nguruwe yanakotundikwa kwenye moshi hadi masika. Panya hawauwezi moshi ule. Obrad alimuuliza kama paa nalo atapenda likatwe vipande vyembamba.

Jipu lenyewe alilijengea kibanda kama cha kuhifadhia nyasi za ng'ombe: miti mirefu ya msonobari imeegemeana juu kwa mteremko mkali ili theluji iteleze, mbao juu yake, chini pakaachwa wazi upepo upite. Viti na betri vikaingia ndani karibu na jiko. Majirani walisema jipu limejengewa kanisa.

Sasa kanisa linachimbuliwa. Koleo la Vuksan linagonga mti, anauvuta, unatoka vipande viwili. Umevunjika. Kahawa zinasimama hewani. Obrad anapiga koleo lake pale pale, nalo linazama mpaka mpini, kwenye uwazi. Anapiga magoti, anachungulia.

"Kukavu," anasema.

Miti mingine yote imeshika. Jipu limesimama pale lilipoachwa, na vumbi kidogo la theluji kwenye usukani.

Bado paa. Linashushwa kutoka darini mabegani mwa wanaume wawili, halina tena rangi ya kijani bali ya kahawia, na uwanja mzima unanukia nyama. Wanalivisha kwenye vyuma. Halifiki. Vifungo viko huku, matundu yako kule, katikati vidole vinne.

"Limepungua kama suruali yangu ya harusi," anasema Vuksan.

Obrad hacheki. Anasema polepole kwamba yule Luka ni mtu mwema, na maua nayo si kitu kibaya.

Vuksan anashika ukingo ili avute. Milunka anampiga kofi mkononi. Turubai lenye baridi ukilivuta, mshono unaachia. Analitandaza vizuri juu ya gari, jua lilipate, anawaamuru wote waingie ndani wale kachamaki, ugali wao wa jibini. Yeye anabaki kwenye ngazi. Kwenye theluji, kuizunguka nyumba, chini ya dari ile, kuna njia nyembamba iliyokanyagwa na nyayo ndogo za mbweha.

"Amekuja msimu wote kunusa," anasema. "Bahati yangu hajui ngazi."

Saa saba anajaribu tena. Turubai limelegea. Kifungo cha kwanza kinaingia, cha pili, cha tatu. Cha mwisho anakisukuma kwa goti, kinalia tak. Obrad anaupiga ubavu wa jipu kwa kiganja, kama anavyompiga ng'ombe aliyezaa salama, kisha anakwenda kuleta betri bila kuambiwa.

Milunka anapiga simu pwani.

"Bwana Luka, hayo maua yatafutie chungu. Wewe njoo mwezi wa tano nikupandishe mlimani. Uje umeshiba, maana gari langu linanukia."

Siku ya Mtakatifu Đorđe ana mpango wa kuwapandisha wachungaji wa kwanza na masufuria yao. Vuksan anaokota ule mti uliovunjika aende kuuwasha jikoni, anaambiwa aurudishe. Miti yote itaegemezwa ukutani, hadi Milunka apate mbao za banda ambalo ng'ombe hataingia.

Injini inakohoa, inakataa, inakubali. Jipu linashuka barabara ya kijiji, na nyuma yake, mmoja mmoja kutoka kila ua, wanatoka mbwa wa Suvodo, pua juu.

Honi yake ilikufa zamani. Anasema hataitengeneza, maana sasa ana mbwa.