Mlango Usio na Mshale

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Arusha ilipigwa rangi upya. Kila mwenye kibanda alitaka kibao: duka la dawa, saluni, kampuni ya kupeleka wazungu mbugani, hata mama wa ndizi nyama. Na fundi wa vibao aliyetafutwa kuliko wote pale Levolosi alikuwa Aminiel, Mmachame mmoja mrefu mwenye maneno mengi na mkono uliotulia. Alikuwa na maringo, tusidanganyane, lakini maringo yake aliyatolea jasho.

Mwaka tisini na tano aliitwa na hospitali moja kubwa, jina lake tuliache. Jengo lenyewe lilikuwa balaa. Mbele palikuwa na nyumba ya mawe ya zamani, halafu kila mfadhili akaja na ramani yake, akaongeza kipande upande alioupenda. Korido zilipinda, zikapanda ngazi, zikashuka tena. Mtu akitumwa maabara anatokea jikoni! Aliyewaokoa watu alikuwa mzee Thomasi, mhudumu wa getini, aliyekuwa akimshika mgeni mkono na kumwambia, "Twende, mwanangu." Lakini Thomasi alikuwa mmoja na watu ni mamia, na katibu wa hospitali, Bwana Abdiel, akaona dawa yake ni vibao.

Fundi mwingine angechovya brashi siku hiyo hiyo. Aminiel alikaa kwenye benchi siku tatu akiwaangalia watu wanavyopotea. Akagundua kwamba mtu hapotei mlangoni, anapotea pale korido zinapogawanyika, anaposimama na kugeuza shingo huku na huku. Hapo ndipo alipoweka alama zake za chaki. Halafu akamleta mkewe.

Nashipae alizaliwa kwa wafugaji wa Oldonyosambu na hakukanyaga darasa hata siku moja. Aminiel alimsimamisha penye njia panda ya kwanza, akamwonyesha neno alilokuwa ameandika.

"Mimi hilo linanisaidia nini?" Nashipae aliuliza. "Nipe kitu nikifuate."

Basi Aminiel akabuni mistari ya rangi yenye mishale ukutani, usawa wa kiuno, kutoka getini mpaka mlango unaohusika. Bluu kwa watoto, kijani kwa wazazi, njano eksirei, nyekundu upasuaji. Nashipae aliijaribu yote huku akiburuza kidole ukutani, akafika kila mahali bila kuuliza mtu, na akacheka mpaka manesi wakachungulia. Siku ile Aminiel alivimba kichwa, na kwa kweli alistahili.

Ukabaki mlango mmoja, nyuma kabisa ukishapita kwa dobi. Chumba cha maiti.

"Huko usiweke kitu," alisema Matroni Eunike. "Mgonjwa wangu auone mshale huo kila akienda kuoga? Atapona saa ngapi?"

Aminiel akamgeukia mkewe.

"Achana nao," alisema Nashipae. "Nani anataka kuonyeshwa huko? Wanaokwenda, mzee Thomasi si atawapeleka?"

Hakuna aliyeona kosa. Hata wewe ungekubali.

Mwaka uliofuata likapita lile fagio la kupunguza wafanyakazi. Bwana Abdiel akatazama orodha yake, akatazama kuta, akasema rangi zipo, watu wazifuate. Mzee Thomasi akapewa barua akarudi kwao. Aminiel aliposikia alisema, "Masikini, mzee wa watu," kisha akapanda gari kwenda Namanga, alikokuwa amepata kazi ya kuandika gesti nzima ndani na nje.

Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya Arusha mnaijua. Naeku, mtoto wao wa pekee, mwenye miaka saba, alishikwa na homa. Ilipompanda kichwani Nashipae alimbeba mgongoni mpaka hospitali, akafuata bluu, akafika. Alikaa naye siku mbili. Siku ya tatu kulipokucha mtoto alifumbua macho akasema anataka uji, uji wa nyumbani, siyo ule wa hospitali. Jamani, mama gani angekataa? Nashipae alikimbia Levolosi, akakoroga uji, akaujaza kwenye chupa ya chai. Saa tatu alikuwa amesharudi wodini.

Kitanda kilikuwa kitupu na godoro limekunjwa. Manesi walikuwa wamebadilishana zamu. Yule aliyeingia alimwona mama na chupa yake, akadhani ameshaambiwa.

"Amepelekwa nyuma, mama," alisema, akaondoka haraka na trei yake ya sindano.

Nashipae alijua amehamishwa wodi. Angejuaje vinginevyo? Mumewe alikuwa amemwambia kwa kiapo kwamba hakuna wodi humu isiyofikika. Akashika njano, akafika eksirei, mtoto hayupo. Akashika nyekundu akasimama mlangoni kwa upasuaji mpaka akafukuzwa. Akashika kijani, akawapita akina mama na vichanga vyao. Alipomaliza rangi zote alirudi getini akaanza upya, akifikiri labda amepita mahali bila kuangalia vizuri. Uji ulipoa. Alizunguka hivyo masaa manne, huku mwanawe amelala peke yake nyuma ya nyumba ya dobi, bila mtu hata wa kumfunika uso kwa upole. Mwishowe dobi aliyekuwa akianika mashuka akamuuliza anatafuta nini, na alipoambiwa jina na umri, akaweka beseni chini akamwambia ukweli.

Aminiel alirudi kutoka Namanga, wakamzika Naeku Machame, kwenye kihamba cha babu yake, chini ya migomba. Siku ya pili ya matanga, ukweni wote wamekaa, Nashipae akasema bila kupandisha sauti:

"Umewaandikia watu wote njia. Mimi mwanangu ulinifichia."

Na Aminiel, Mungu amsamehe, akajibu, "Si wewe mwenyewe uliyeniambia nisiandike?"

Alilijutia neno lile kabla halijamtoka lote. Uchungu ulimsukuma, lakini neno likishasikika limesikika. Nashipae aliinama. Waliporudi Levolosi hakuwa na maneno naye tena, isipokuwa mafuta yamekwisha, au fundi wa jiko hajaja. Alipika, alifua, na usiku aliugeuzia ukuta uso wake. Aminiel alilia mara nyingi kwenye banda lake la kazi, mtu mzima analia juu ya makopo ya rangi. Hakutaka kingine duniani, alitaka mkewe amsamehe.

Miezi ikapita. Akamwendea Bwana Abdiel, akamwomba ruhusa ya kuchora mstari wa mwisho kwa rangi yake mwenyewe, bila malipo. Abdiel alikubali, hata akampa pole. Aminiel alirudi nyumbani mbio kama aliyeshinda kesi.

"Mama Naeku," alisema, "wameniruhusu. Nauweka mstari mpaka kule. Niambie wewe, niweke rangi gani?"

Nashipae alikuwa akichambua maharage.

"Kuta zina rangi za kutosha. Waweke mtu."

Aminiel akarudi kwa katibu kumwombea mzee Thomasi kazi yake. Abdiel alicheka kidogo, siyo kwa ubaya, akasema mtu akae kwenye mshahara kwa ajili ya korido moja? Aminiel akarudi kwenye makopo yake ya rangi.

Wiki mbili baadaye jirani akamuuliza kama mama watoto ni mgonjwa, maana kila asubuhi wanamwona akiingia hospitali. Aminiel aliacha brashi ikielea kwenye tapentaini, akaenda. Hakufuata rangi yoyote. Alikwenda moja kwa moja kwenye korido ya nyuma, ile aliyoiacha na ukuta mweupe, akasimama katikati.

Nashipae alikuwa anakuja kutoka wodini, khanga kichwani. Amemshika mkono mwanamke mmoja kijana aliyevaa kiatu mguu mmoja tu, anatembea naye polepole, na kila hatua anamwambia jambo kwa sauti ya chini. Yule mwanamke alikuwa amekumbatia blanketi dogo la mtoto. Aminiel alifungua mdomo aseme lile neno alilolibeba miezi yote, aombe radhi hapo hapo mbele ya mgeni.

Nashipae akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Machame.

"Tupishe, Baba Naeku," alisema.

Aminiel akajibana ukutani, wakapita.